Mlinzi wa Mlango Haingii

Asubuhi ile hakuna aliyekuja na sururu.

Mkaguzi Theresia Ntandu aliliona hilo kabla hajashuka kwenye pikipiki ya kituo, na lilimkaa vibaya kuliko maiti yenyewe aliyoikagua jana yake. Singida mtu akifa, hata awe mlevi wa kulala mtaroni, vijana wa mtaa hutokea na majembe na sururu kabla chai ya msiba haijachemka, maana ardhi ya mji ule ni mawe juu ya mawe na kaburi si kazi ya watu wawili. Nyumbani kwa Mzee Othmani Sultani turubai lilikuwa limefungwa na viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, lakini vilikaliwa na upepo. Ndani walikuwemo wanawake wachache wa ukoo. Nje walikaa wazee wanne wenye makoti ya kizamani, wamejitenga pembeni kama watu waliokosea msiba, pamoja na mkandarasi mmoja mnene, Benson, aliyekuwa akipokea simu kila mara.

Sababu kila mtu aliijua. Othmani alikuwa Frimasoni, tena si wa kusingiziwa. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa loji yao, yaani tawi la chama chao mjini hapa, na hao watano chini ya turubai walikuwa ndugu zake wa loji. Jana asubuhi alikutwa amekufa ndani ya lile jengo lao la mawe karibu na soko la zamani, kisogo kimepasuka, amelala chali juu ya vigae vyeupe na vyeusi. Damu ya kuku ilikuwa imenyunyizwa kumzunguka, na mishumaa minene ilikuwa imeteketea hadi mwisho. Polisi walipofika, mji ulikuwa umeshatoa hukumu: wametoa kafara, na safari hii walikosa mtoto wa mtu wakajitoa wenyewe.

Imamu wa mtaa hakukataa kumswalia. Alisema tu, kwa upole wa mtu aliyebanwa, kwamba waumini wake hawatatoka majumbani mpaka wajue mtu huyu amekufaje. Daktari alikuwa amemaliza kazi yake na maziko yalikuwa leo baada ya Alasiri. Kama Theresia asingekuwa na jibu kufikia hapo, Othmani angechimbiwa na kubebwa na vibarua wa kukodi, kama mzigo wa alizeti.

Mjane, Bi Saada, alikuwa chumbani kwake amekaa eda. Mwanamke mfupi, mwembamba, mgongo umenyooka. Theresia alimwamkia shikamoo, akampa pole, akakaa mkekani.

"Mume wangu amewazika watu wa mtaa huu," Saada alisema. "Mvua inyeshe, jua liwake, yeye na sururu yake. Leo hakuna hata mmoja. Mwanangu, mimi sikuombi umpate aliyemuua. Nakuomba abebwe."

Theresia akamwambia atajitahidi, na akaanza tena kumhoji, maana maelezo ya mama huyu yalikuwa na tundu. Saada alishasema kwamba jioni ya juzi, Magharibi ikiingia, alimpelekea mumewe chakula kule kwenye jengo. Mzee alikuwa na kawaida ya kulala huko tangu mbao za paa zilipoanza kuibwa. Alikuta mlango wa ndani umerudishwa. Akabisha, mumewe akamjibu, akaacha kikapu kizingitini akarudi nyumbani na moyo mweupe. Alipoona mzee hajarudi asubuhi, akamtuma Mboni, mtoto wa shemeji yake, akamwangalie.

Lakini daktari alisema Othmani alikuwa ameshakufa mchana, kabla hata ya Alasiri. Na kikapu kilikutwa pale pale kizingitini, chakula kimejaa sisimizi.

"Alikujibu vipi, mama?"

"Alinijibu tu."

"Kwa maneno? Alisemaje?"

Saada aliivuta kanga yake mpaka kwenye nyusi. Akasema mumewe alimjibu kama anavyojibu siku zote. Theresia alitoka akiwa na mashaka mawili yanayogombana. Ama daktari amekosea, ama mjane anaficha jambo. Na mashaka hayo hayakumpendeza, maana tayari alishaanza kumpenda yule mama.

Konstebo Deo alikuwa akimsubiri penye jengo. Kijana hodari, hana mchezo na wezi, lakini tangu jana alikuwa hajavuka kizingiti kile. Leo pia alisimama nje, mkono mfukoni, na Theresia alijua mfukoni mle mna rozari.

"Afande, mimi nalinda huku nje," alisema.

"Linda," Theresia akamjibu. "Na ukiona shetani, mwombe kitambulisho."

Jengo lilijengwa enzi za Mwingereza, na wafanyabiashara na watu wa reli, kwa mawe yale yale ya Singida yaliyotapakaa kila mahali. Juu ya mlango palichongwa bikari na pembemraba ya fundi, na mtoto wa jana mjini hapa anafundishwa kuvuka barabara asipite chini ya alama ile. Ndani, utisho wote uliisha. Theresia aliona viti vilivyopasuka ngozi, mapazia yaliyoliwa na nondo, harufu ya popo. Bati la paa lilikuwa limeachia upande mmoja, likigongagonga kwa upepo, na chini ya tundu lake pamewekwa beseni la bluu la kukinga mvua. Watu waliosemekana wanafuga nyoka wa kutapika fedha chumbani walishindwa kununua bati.

Alichuchumaa mahali maiti ilipokuwa. Karibu na beseni, kwenye vumbi la vigae, palikuwa na mikwaruzo miwili iliyolingana. Ngazi. Lakini ngazi yenyewe ilikuwa imelazwa vizuri stoo, nyuma ya jengo. Othmani alipanda mwenyewe kushika bati lake, kwa kuwa hakuna fundi wa Singida aliyekubali kulipanda paa lile, na akaanguka au akaangushwa. Hilo linawezekana. Lakini maiti hairudishi ngazi stoo.

Kisha manyoya. Jana walikusanya machache, meupe pe, laini. Theresia alizaliwa Sepuka, na mtu wa Sepuka hahitaji kufundishwa kuku. Mkoa mzima huu unajulikana kwa kuku wa kienyeji, wanapakiwa kwenye matenga na mabasi kila siku iendayo kwa Mungu. Mganga wa Singida akitaka kuku wa kafara atataja rangi, atataja umri, atataja hata alikototolewa. Mchawi gani huyu aliyetoa kafara kwa kuku wa kisasa? Hata mizimu ingemcheka. Aliyefanya hivi hakuwa na imani yoyote katika jambo hilo. Alikuwa na haraka, na alijua mji utaamini.

Alibakisha mlango. Ule wa nje ulifungukia kwenye ukumbi mdogo wa mbele, nao ukumbi ule ulikuwa na kiti kimoja, upanga butu uliotundikwa, koti jeusi kwenye msumari, na picha ya mzee mrefu sana aliyeinamisha kichwa ili aenee kwenye fremu. Chini ya picha pameandikwa: Ndugu Eliya, Mlinzi wa Mlango. Kutoka hapo mlango wa pili, mzito, wa mninga, uliingia kwenye chumba chenyewe cha mikutano. Mlango huu ndio uliokuwa umerudishwa jioni ile; komeo lake lilishang'oka zamani. Rangi ya mbao ilikuwa imechubuka mahali pawili palipogongwa kwa miaka mingi. Upande wa ndani palichubuka juu, usawa wa uso wa mwanamume. Upande wa nje palichubuka chini zaidi. Theresia, ambaye si mrefu, aliinua ngumi yake kama anayebisha, na ngumi ilitua juu ya alama ile.

Alimtazama tena mzee mrefu wa pichani. Akalishusha lile koti, akalinusa. Halikunuka jasho wala tumbaku. Lilinuka udi.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Theresia hakuwa mtu wa kukimbilia jibu la kwanza. Alianza na mtu aliyekuwa rahisi kumshuku. Mboni alikuwa na banda la chipsi kuku karibu na stendi, na mtaa mzima ulimsikia mwezi uliopita akigombana na baba yake mkubwa. Kiwanja cha jengo kilitolewa na babu yake Mboni, na kijana alikuwa akisema hadharani kwamba loji ikifa kirudi kwenye ukoo. Sababu anayo, kuku wa kisasa anao, na ndiye aliyeikuta maiti.

Mboni alihojiwa huku akimenya viazi, akajikata kidole. Alikiri ugomvi. Alikiri pia kwamba aliomba kujiunga na loji akakataliwa, kwa sababu siku ya kuhojiwa aliuliza utajiri unaanza lini. Lakini juu ya kuku alimshangaa Afande.

"Mimi nanunua aliyechinjwa na kunyonyolewa," alisema, akafungua jokofu. Kuku walikuwa wamelala humo, uchi, wamegandishwa. "Manyoya yanabaki kwa mwenye banda. Hapa huwezi kupata hata unyoya mmoja, Afande, tafuta."

Theresia alitafuta, na hakupata. Akauliza mwenye banda ni nani.

"Benson, mkandarasi. Ana mabanda kule Mwankoko. Mji mzima huu tunachukua kwake."

Hapo Theresia akafungua daftari lake la maelezo. Benson alikuwa ameandikisha maelezo kwamba siku ile alishinda Manyoni kwenye kazi, na kwamba hajakanyaga jengo la loji tangu mkutano uliopita. Theresia alimwacha Mboni na kidole chake kinachovuja damu, akarudi msibani. Jua lilikuwa limeshapita utosi.

Chini ya turubai alimwita pembeni mkubwa wa wale wazee wanne, Melkizedeki, mwalimu mkuu mstaafu, Mnyiramba mwenye fimbo na sauti ya kuita majina. Robo ya maofisa wa mkoa walipita mikononi mwake, na bado aliwatazama kama watoto waliochelewa namba. Theresia alimwamkia, akamwuliza loji ina watu wangapi.

"Saba. Pungufu ya saba loji haifunguliwi, na isipofunguliwa hati yetu inarudishwa kwa wakubwa Dar es Salaam, na jengo linakuwa halina mwenyewe."

"Nawaona ninyi wanne na Benson. Na marehemu. Wa saba yuko wapi, Mwalimu?"

"Mzee Eliya, mlinzi wa mlango. Yuko kwao Kintinku. Anaumwa."

Theresia alimwambia taratibu kwamba amempigia simu mtendaji wa kijiji cha Kintinku. Mzee Eliya haumwi. Mzee Eliya alizikwa zamani, na juu ya kaburi lake pameshaota mti.

Melkizedeki alitazama ncha ya fimbo yake. Kisha akaanza kuzungumza kwa sauti ndogo, na Theresia aliona ni mara ya kwanza mzee yule kusema mambo haya kwa mtu wa nje. Zamani, alisema, walijaa ukumbi ule. Wahindi wakahama, watu wa reli wakahamishwa, wengine wakafa. Vijana hawaji. Wakija, wamesoma vile vikaratasi vya matapeli vinavyobandikwa kwenye nguzo za umeme, wanataka gari na nyumba kwa pete moja. Ukimwambia kijana kwamba hapa utafundishwa kuwa mkweli na kusaidia wajane, anaona unamficha kitu. Basi Eliya alipokufa wakabaki sita, na Othmani akawaambia wasiwe na wasiwasi juu ya mlango, yeye amepata mtu.

"Mtu gani?"

"Hatukumwuliza," Melkizedeki alisema. "Alikaa nje pale, amevaa koti la Eliya, kofia imeshuka. Tulipita tukamwamkia. Aliitikia kwa kichwa. Afande, sisi ni wazee lakini si vipofu. Tulichagua kutouliza."

Benson alipojiunga, akiziba nafasi ya mwingine aliyefariki, ndipo walipopata matumaini, kwa kuwa alikuwa na nguvu na alikuwa na vifaa. Aliahidi kutengeneza paa. Badala yake akaleta mnunuzi wa kiwanja, mtu wa hoteli. Othmani akakataa, na hapo pakawa hapakaliki.

Theresia alimwuliza jambo la mwisho, juu ya kubisha hodi. Mzee akasita, maana yalikuwa mambo ya ndani, kisha akautazama mlango wa nyumba ya mjane, akaona hakuna tena cha kuficha. Mlinzi wa nje, alisema, haingii kikao kikiendelea ndani. Akitaka kujua kama kuna usalama hugonga mara tatu, polepole. Ndani yuko mlinzi wa pili, kazi yake ni hiyo tu, kumjibu. Hujibu mara tatu vile vile, na wa nje akishajibiwa anajua mambo ni salama, anarudi kwenye kiti chake.

"Na Mzee Othmani, akiwa peke yake ndani, mtu akigonga hivyo?"

"Othmani?" Mzee alitabasamu kwa huzuni. "Angesema pita, mlango wazi. Tangu lini kiongozi akajibu mlango?"

"Mlinzi wa ndani ni nani?"

Melkizedeki aliegemea fimbo yake. Aligeuza macho kule alikokuwa mkandarasi na simu yake.

Theresia alirudi chumbani kwa Saada akiwa amebeba lile koti, akaliweka mkekani kati yao. Udi ulijaa chumbani, ule ule uliokuwa ukifuka kwenye chetezo pembeni ya kitanda. Mjane aliliangalia koti, akalikunjua kola yake iliyokunjika.

"Nilimwambia lioshwe," alisema. "Akasema lisioshwe, litachanika."

Akasimulia. Mumewe alimfundisha ugongaji huo, wa saba aliposhindwa kupatikana kokote. Alikaa kwenye kiti kile miaka yote hiyo, mvua na baridi ya Juni, akisikia sauti zao kwa ndani asielewe neno. Jioni ile alipoweka kikapu alibisha kwa namna ile, kama mchezo wao, na akajibiwa. Alidhani mzee naye anacheza.

"Mama, ukinisemea haya mbele yao nitampata aliyejibu," Theresia alisema.

"Nikisema, loji imekufa. Watajua Dar es Salaam kwamba wa saba alikuwa mwanamke. Ameniachia vitu viwili, mwanangu, jina lake na jengo lile. Wewe unataka nichague."

Theresia alilikunja lile koti taratibu. Alimwonea huruma sana. Nje, adhana ya Adhuhuri ilikuwa imeshapita muda mrefu, na viti vya plastiki bado vilikuwa vitupu. Kupitia dirishani walimsikia Mboni akiuliza mtu bei ya vibarua wa kuchimba.

Saada alilisikia hilo. Akafumba macho.

"Waite," alisema.

Theresia aliwaingiza wote sebuleni, wazee wanne na Benson, kwa kisingizio cha kupanga nani atatangulia na jeneza. Sebule na chumba cha mjane vilitenganishwa na mlango mmoja, na mlango huo aliufunga. Kiti kilichouegemea alimpa Benson, kwa heshima, kama mtu aliyejitolea gari. Deo alisimama penye mlango wa nje. Kisha Theresia akamwuliza mkandarasi juu ya lile paa, lingehitaji mbao kiasi gani, mafundi watoke wapi. Benson alilipenda swali. Akaanza kueleza, mikono ikisaidia maneno, kenchi zimeoza, mafundi itabidi watoke Dodoma, jengo lile kwa kweli ni bora livunjwe tu.

Nyuma yake mlango ukagongwa. Mara tatu, polepole.

Benson hakukatisha hata sentensi. Mkono wake wa kulia ulikwenda nyuma wenyewe, ukagonga mbao mara tatu, na kila mara pete yake nene iligusa mbao ikatoa mlio mdogo mkali. Ndipo alipousikia mkono wake. Neno alilokuwa nalo mdomoni likabaki humo humo.

Melkizedeki aliinamisha kichwa. Wale wazee watatu wengine hawakumtazama mtu.

"Ni mazoea tu," Benson alisema, akicheka pasipo na cha kuchekesha. "Hayo ni mazoea yetu, Afande. Waulize hawa."

"Siku ile pia ulijibu," sauti ya Saada ilisema nyuma ya mlango. Haikuwa kubwa. "Mume wangu hakuvaa pete. Nilisikia pete, nikajiambia ni funguo."

Rangi ilimtoka mkandarasi. Aligeuka kwenye kiti akautazama ule mlango, na jasho lilimtoka usoni, na kwa kitambo alisahau kwamba sebuleni mna polisi wawili.

"Kwa nini hukuingia?" alimwuliza. "Nilisimama pale nikisubiri uingie. Kwa nini hukusukuma mlango?"

"Mlinzi haingii," Saada alisema.

Baada ya hapo yaliyobaki yalikuwa kazi ya kawaida. Deo alimvika pingu, na Benson akasema yote pale pale, kwa haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Mchana ule alimkuta mzee juu ya ngazi akishika bati. Akamwambia akubali kuuza, la sivyo ataandika Dar es Salaam kwamba mlango wa loji unalindwa na mwanamke. Othmani alicheka kule juu. Akasema, andika, na usisahau kuandika kwamba hajachelewa hata siku moja. Benson akaivuta ngazi. Alisema hakukusudia, aliivuta tu kwa hasira. Kisha akairudisha ngazi stoo, akaenda Mwankoko akarudi na kuku na mishumaa, akaurudisha mlango, na alikuwa akinyunyiza damu wakati mlango ulipogongwa. Theresia alimwuliza kuhusu Manyoni, naye akasema hakwenda.

Kabla hajaondoka Theresia alifungua mlango wa chumbani. Saada alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mbao, ngumi bado imekunjwa. Aliuliza kama angeingia jioni ile angemkuta mumewe na uhai. Theresia alimwambia ukweli aliopewa na daktari, kwamba mzee alikwisha pale pale alipoanguka. Mama aliitikia kwa kichwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Kilichofuata Theresia alikishuhudia na hakukisahau. Imamu alipopashwa habari alishika kipaza sauti cha msikiti kabla hata ya adhana, akasema maneno machache tu: Othmani Sultani ameuawa na mkono wa mtu kwa tamaa ya jengo, hakutoa kafara wala hakutolewa kafara, na aliye na sururu aje nayo. Walikuja. Walikuja na aibu zao, macho chini, wengine wakikimbia. Mboni alikuwa wa kwanza kushuka kaburini. Waliokuwa wakisema jana kuhusu nyoka na fedha ndio waliosukumana leo kulibeba jeneza, na halikukaa juu ya bega moja hata hatua chache. Hata Konstebo Deo alitoa mkono mfukoni akabeba.

Wanawake hawakwenda makaburini. Saada alisimama ndani ya mlango wa ua, amejifunika, akilitazama jeneza likipanda njia ya mawe. Melkizedeki hakwenda pia, miguu ilimkatalia. Alitoka chini ya turubai akitegemea fimbo, akafika mbele ya mjane, akavua kofia. Wale wazee watatu walikuwa wameshaondoka na wengine, na kesho yake angekaa kuandika barua ya kurudisha hati, na wote wawili walilijua hilo.

"Mlinzi," alisema kwa ile sauti yake ya kuita majina, "loji imefungwa. Umeulinda mlango vizuri. Unaweza kwenda kupumzika."

Saada hakuondoa macho njiani.

"Bado, Mwalimu," alisema. "Mlinzi huondoka mtu wa mwisho akishatoka. Kiongozi wangu hajafika kaburini."

Theresia alikuwa amekuja na karatasi ya maelezo aitie sahihi. Aliikunja akairudisha mfukoni, akavuta kiti kimoja cha plastiki, akakaa karibu yao kusubiri watu warudi.